Kicheko Kilichoingia Chupani

Hadithi hii niliwahi kuisimulia vibaya, na kabla sijaenda mbali nikiri hilo liishe. Mara ya kwanza nilisema mashine ndiyo iliyokosea. Nilisema hivyo mbele ya watu, kikombe mkononi, na watu wakanikubalia haraka, maana kuilaumu mashine hakumgombanishi mtu na jirani yake. Lakini mashine ilifanya kazi yake sawasawa. Aliyekosea ni Osmund Gama, mtu mwema kuliko mimi, na alikosea kwa sababu ya kuchekesha.

Osmund alikuwa na miaka hamsini na moja, tumbo la kiasi, na diploma ya uuguzi aliyoining'iniza chooni kwake, kwa maelezo kwamba huko ndiko mgeni anapata nafasi ya kuisoma kwa utulivu. Mngoni wa upande wa Peramiho. Alikuwa mchujaji katika Zahanati ya Utulivu, pale mlimani Iringa, na miaka tisa alikuwa hajaharibu hata mara moja.

Kichujio chenyewe si kitu cha kutisha. Ni kofia ya nyuzi, laini kama soksi, na kijisanduku cha mezani kisichozidi redio ndogo. Mgonjwa anavaa kofia, anaongea juu ya kinachomuuma. Anapoongea, kinachomuuma kinawaka ndani yake, na kofia inakiona kinapowaka. Kikishaonekana, kinavutwa. Kumbukumbu inabaki palepale: tarehe, majina, rangi ya shati. Kinachotoka ni uzito wake. Unashuka kwenye kichupa cha ukubwa wa dawa ya macho, unakaa mle kama ute wa yai. Kichupa kinawekwa kabatini siku arobaini, kisha kinaoshwa. Walioitunga sheria walichagua arobaini kwa sababu watu walikuwa wameshaizoea misibani; hakuna hesabu nyingine.

Asiyeongea, kofia haimwoni. Na Mama Vaileth alikuwa haongei.

Alikuja Jumatatu mbili mfululizo, kutoka Kidabaga, mwanamke wa miaka sitini na mbili, Mhehe, mjane wa Mzee Kosta Kikoti. Mumewe alikuwa na miezi minne kaburini. Miezi hiyo minne mama alikuwa amelala akitazama ukuta. Chakula alikuwa akikisahau mkononi, kijiko nusu njia. Kadi yake ilikuwa na alama nyekundu, na alama nyekundu pale zahanati ilikuwa na maana moja tu: huyu tusipomwahi, tutamzika.

Siku ya kwanza Osmund alipojitambulisha, mama alifumbua mdomo mara moja.

"Gama? Mngoni?"

"Mngoni mzima mzima, mama."

"Basi nimekwisha."

Akanyamaza saa mbili. Jumatatu ya pili akanyamaza saa mbili nyingine bila hata hilo la Mngoni.

Jumatatu ya tatu, kabla mama hajaingia, Osmund alikaa akasoma tena ile fomu ambayo ndugu hujaza. Vaileth, binti pekee, alikuwa ameandika kwamba mazishi ya baba yake yaliendeshwa na kampuni, kwa ratiba, saa moja na nusu yote, na watani hawakupewa nafasi. Osmund alipofika hapo alisimama. Babu wa babu wa Wangoni na babu wa babu wa Wahehe waliuana vitani, vita vikaisha, na tangu hapo wajukuu wanatukanana kwa mapenzi. Akifa Mhehe, Mngoni ana kazi yake msibani. Atalikalia jembe la kuchimbia kaburi. Atavaa nguo za marehemu, atembee kama marehemu, aseme kama marehemu, mpaka mjane acheke huku analia. Mzee Kosta alizikwa bila hiyo, na Osmund, Mngoni wa kwanza kukutana na huyo mjane, aliona kazi hiyo imemwangukia yeye.

Chini ya fomu kulikuwa na swali: jambo moja marehemu anakumbukwa nalo. Vaileth alikuwa ameandika hivi. Nyumbani kuna boksi la umeme wa jua, la ukutani, linaloongea. Kila jioni likisema "chaji imejaa," baba alikuwa akikohoa mara mbili na kulijibu, "Ahsante. Pole na kazi." Na aliyekaa kimya alimkaripia: hivi mtu anakutaarifu, wewe unamtazama tu?

Mama akaingia, akakaa, akavishwa kofia. Mapajani alikuwa na koti la kijivu la mumewe, maana wagonjwa huambiwa waje na kitu kimoja. Kijisanduku kikasema kwa ile sauti yake ya upole, "Kofia imekaa vizuri."

Osmund akalichukua koti mapajani mwa mama bila kuomba. Akalivaa. Mkono mmoja ukapita, wa pili ukagoma kwenye kiwiko, na tumbo likakataa vifungo kabisa. Akakohoa mara mbili, akakigeukia kile kijisanduku, akakiinamia kidogo.

"Ahsante," alisema. "Pole na kazi."

Kisha mama akatoa mlio ambao Osmund hakuutambua mara moja kwamba ni kicheko, kwa jinsi ulivyokuwa umekaa ndani muda mrefu.

"Livue," mama alisema. "Livue, Mngoni wee. Utalichana koti la watu kwa tumbo la kushibia misibani."

"Marehemu ameniachia mimi. Na wewe ameniachia."

"Akuachie wewe? Kosta? Kosta alikuwa hakuachii hata kivuli upite." Na hapo akawa analia na kucheka kwa pamoja, maneno yakimtoka yenyewe. Alivyokuwa akiligombeza boksi likichelewa kujaa siku za mawingu. Alivyomposa mama kwa debe la asali akalimwaga mlangoni. Alivyokufa, asubuhi, akiwa amekaa, soksi moja mguuni, ya pili mkononi.

Ukutani, juu ya kijisanduku, palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi: HISIA MOJA KWA WAKATI MMOJA. ZIKIJA MBILI, SIMAMISHA. Osmund ndiye aliyeibandika. Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili, mweusi wa huzuni na wa njano wa furaha, yote imepanda juu, imesukana kama nywele. Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe. Akawaza: nikisimamisha sasa, atanyamaza, na hatafungua tena. Na nyuma ya wazo hilo zuri lilikaa jingine dogo lisilo zuri: tazama nilivyomfungua, nani mwingine angeweza?

Hakubonyeza. Mstari mweusi ukaanza kushuka. Na wa njano, uliokuwa umeshikana nao, ukashuka nao.

Baada ya dakika arobaini mama alifuta uso kwa khanga, akatazama dirishani kama aliyeshuka safari.

"Hapa kuna chai?" aliuliza.

Akanywa vikombe vitatu kwa mkate. Alama nyekundu ikafutwa siku ileile.

Ijumaa yake, saa tisa, Osmund alivaa kofia yeye mwenyewe. Wachujaji wote hufanya hivyo kila Ijumaa, robo saa, ili taabu za wagonjwa zisiwabaki mwilini. Ni kama mpishi anavyonawa kabla ya kwenda nyumbani. Alikuwa na kashaka kadogo juu ya ule mstari wa njano. Kakatoka pamoja na takataka nyingine za wiki.

*

Vaileth alikuja Jumatano, siku ya thelathini na saba. Alikuwa na miaka kama thelathini, anafanya kazi Dodoma, na alikuwa ameushikilia mkoba wake kama mtu aliyekuja kushtaki.

"Shikamoo, mzee Gama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Wewe ni Vaileth, paji la uso ni la mama yako. Mama anaendeleaje?"

"Mzima. Amenenepa. Amelima viazi robo tatu ya eka, amerudi kwaya, sauti ya pili. Analala mpaka anakoroma."

"Basi umekuja kushukuru. Kaa vizuri, maana wa kushukuru huwa hawaji, nataka nikutazame."

"Sikuja kushukuru." Alitazama meza. "Juzi nilikuwa nyumbani. Boksi likasema chaji imejaa. Mimi nikajibu, ahsante, pole na kazi. Kwa mazoea tu. Mama akaniuliza, unaongea na nani? Nikamwambia, si baba alikuwa anasema hivyo? Akasema, ndiyo, alikuwa anasema. Akaendelea kumenya viazi."

"Labda hakutaka kujiumiza."

"Mzee, mtu anayekwepa ninamjua. Mama hakukwepa kitu. Hakukuwa na kitu cha kukwepa." Sauti yake ilikuwa kavu, ya kutoa taarifa. "Anamtaja baba kama anavyomtaja fundi aliyetuchimbia choo. Alikuwepo, alikuwa mzuri, alikufa. Nilimwonyesha picha ya harusi, akaniambia gauni lile lilikuwa linabana kwapani. Miaka thelathini na nane, mzee Gama. Gauni lilibana kwapani."

Osmund alitaka kusema jambo la kuchekesha. Lilikuja mpaka kwenye ulimi likarudi. Akafungua kumbukumbu za kile kijisanduku, akaita Jumatatu ile, na mistari ikajichora upya mbele yao wote wawili. Mweusi na njano. Juu pamoja, chini pamoja, mpaka sifuri.

"Hii ya njano ni nini?" Vaileth aliuliza.

Alimwambia. Hakupamba. Alimwambia kuhusu koti, kitufe na karatasi ya ukutani, na kwamba alijua na hakusimamisha.

Vaileth aliufuatisha mstari wa njano kwa kidole, kutoka juu mpaka sifuri.

"Kilichotoka kirudishwe," alisema.

"Kinarudishika. Mpaka Jumamosi saa sita mchana, kisha wanaosha. Lakini aombe mwenyewe, kwa mdomo wake. Mtoto haruhusiwi, mchujaji haruhusiwi."

"Na yeye ataombaje, wakati cha kumfanya aombe kimo chupani?"

Osmund alihisi kitu kimemkaa kifuani, kizito, chenye kona. Akajua ni nini. Akahesabu pia siku: kesho Alhamisi, kesho kutwa Ijumaa. Ijumaa saa tisa atavaa kofia, na kitu hiki chenye kona kitatoka, na Jumamosi ataamka akiwa mtu mwenye amani ambaye anajua kuna mama mmoja Kidabaga alikosewa, kama anavyojua kilomita za kutoka hapa mpaka Makambako.

*

Ijumaa saa tisa kasoro dakika tano alikwenda kwa Daktari Rukia, mkuu wa zahanati, akiwa na kofia yake mkononi, imekunjwa.

Daktari Rukia alikuwa ameshasoma taarifa ya Osmund. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, aliyeanza kazi hii kabla kichujio hakijabuniwa, siku za kukaa viti viwili na kusikiliza.

"Nitaandika kwamba umekosea," alisema. "Hilo lako na mimi, tutalimaliza. La mgonjwa ni jingine. Mgonjwa anakula?"

"Anakula."

"Analala, analima, anaimba. Osmund, mimi nilikuwa na wagonjwa wa kuongea nao mwaka mzima, kila wiki. Wengine waliufikisha mwaka. Wengine hawakuusubiri. Nina majina yao sita, ninayajua kwa mpangilio. Sasa unataka nimchukue aliyevuka nimrudishe ng'ambo, eti kwa sababu hacheki akisikia boksi la umeme?"

"Sitaki arudi ng'ambo. Nataka awe na mume aliyekufa. Sasa hivi hana. Ana taarifa kwamba palikuwa na mtu."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Unajua tofauti ya kazi ya zamani na hii?" aliuliza. "Ng'ombe anameza majani mabichi asubuhi, hayajatafunwa vizuri. Jioni analala chini, anayarudisha mdomoni kidogo kidogo, anacheua. Yakishacheuliwa yanakuwa ng'ombe. Huzuni ndivyo ilivyo. Tulikuwa tunakaa na mtu anacheua. Inachosha, inanuka, na wengine inawakaba. Sasa tunawatapisha. Wanapata nafuu siku hiyohiyo, na hakuna anayekabwa." Akavaa miwani. "Lakini pia hakuna kinachoingia mwilini. Ninalijua hilo. Nililijua tangu kofia ya kwanza. Nikazihesabu alama nyekundu, nikachagua."

"Na ungekuwa mimi?"

"Ningekuwa wewe ningekwenda chumba namba tatu kuvaa kofia sasa hivi, ni zamu yako."

Osmund aliikunjua kofia, akaikunja tena, akaiweka juu ya meza ya daktari.

"Wiki hii sivai."

"Usipovaa, Jumatatu sikuruhusu kumgusa mgonjwa."

"Jumatatu mbali, daktari."

Alipofika mlangoni alimsikia akimwita.

"Ukienda kwa mama huyo, mweleze yote, mabaya kwa mazuri. Usimsukume. Ukimaliza, nyamaza. Huko kunyamaza ndiko kunakokushinda, nakuomba ujaribu."

*

Jumamosi asubuhi gari la zahanati lilijiendesha lenyewe mpaka Kidabaga, likisimama kila lilipoona mbuzi, na barabara hiyo ina mbuzi. Osmund na Vaileth walikaa nyuma bila mazungumzo. Walifika saa nne na robo. Baridi ya milima ya Kilolo ilikuwa bado chini, kwenye mashina ya miti.

Mama Vaileth alikuwa uani anachambua viazi vya mbegu. Alimwona Osmund anavyojitoa garini kwa taabu.

"Leo tufungie kuku," alisema. "Mngoni kaja na gari kabisa."

"Kamwene, mama," Osmund alimsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Ingia, lakini mikono ikae nje ya mifuko niione."

Osmund alicheka, na moyo wake ukapanda. Mbona yupo? Mashavu yamejaa, macho yana mwanga, ulimi ni uleule. Wakaingia ndani, chai ikaja, ya tangawizi, na sahani ya viazi vya kuchemsha. Mama akaulizia safari, akaulizia mbuzi wa barabarani, akasema mbuzi wamewazoea Wangoni kiasi kwamba wakimwona mmoja wanajipanga foleni ya kuibiwa. Kisha Osmund akasema amekuja kwa habari ya Mzee Kosta.

"Ehe," alisema mama. "Ana nini?"

Ilikuwa kama kutoka kwenye lami na kuingia kwenye nyasi. Gari linakwenda, lakini sauti imekatika. Hakukasirika wala hakukaza uso. Alikuwa anangoja habari, kama mtu anavyongoja kuambiwa namba ya simu.

Osmund alimweleza. Alianza na fomu, akaja kwenye koti, akaja kwenye mistari miwili. Alisema, "Nilipaswa kusimamisha na sikusimamisha, kwa sababu nilifurahi kwamba nimekuchekesha." Alieleza kwamba kichupa kipo mpaka saa sita. Simu akaiweka mezani, katikati ya vikombe: akitaka, aseme tu mwenyewe jina lake na kwamba anakitaka, zahanati watasikia na kukitoa kabatini, na Jumatatu atarudishiwa. Ilikuwa imeshafika saa tano.

"Kikirudi, kinarudi na nini?" mama aliuliza.

"Na vyote. Vilitoka pamoja vikiwa vimesukana, havitenganishiki. Kicheko na ule ukuta uliokuwa unautazama."

"Ukuta naukumbuka." Alikunywa chai. "Nilikuwa siwezi kujua kama nimekula. Nywele zangu alizichana mke wa jirani, siku moja akalia, mimi nikawa namshangaa. Nilikuwa nalala na viatu. Umekuja kunirudisha tena huko?"

"Huko ulikuwa peke yako. Safari hii nitakuja. Kila Jumanne, mwaka mzima, bila kofia. Nitakaa hapa, wewe utaongea au utanyamaza. Watu walikuwa wanapona hivyo."

"Wote?"

Osmund alimkumbuka Daktari Rukia na majina yake sita.

"Hapana," alisema. "Si wote."

Mama alikubali kwa kichwa, kama anayemheshimu mtu kwa kutaja bei ya kweli. Boksi la ukutani, juu ya mlango wa jikoni, lilikuwa linawaka taa yake ya kijani, kimya.

"Mama," alisema Vaileth. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea tangu wafike. "Naomba ukitake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni baba."

"Najua ni baba yako. Nilikuzaa na nani, si na yeye? Nauliza kwa nini wewe ndiye unayeniomba. Wewe mwenyewe unaye. Mlilie, umcheke, nani amekukataza?"

Vaileth aliushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mimi nilichuja," alisema. "Dodoma. Siku ya tatu baada ya mazishi. Nilikuwa na mkutano wa kazi Jumatatu, na machozi yalikuwa hayaniachi. Nikasema dakika arobaini tu. Kichupa chao walishakiosha zamani."

Osmund alimgeukia. Ndipo akaielewa ile sauti kavu.

"Sikuogopa," Vaileth aliendelea, "kwa sababu nilijua wewe upo. Nilisema, mama anaye. Nikija nyumbani nitamkuta, atanihadithia, ataliigiza lile boksi, atalia, nami nitakaa karibu. Kama moto wa jirani. Sasa nimekuja, na hapa napo pamezimika. Sisikii uchungu, mama, nisikudanganye. Ninachojua tu ni kwamba hakuna mtu aliyebaki naye. Hapa duniani hakuna hata mmoja."

"Kwa hiyo mlitaka nimbebe mimi," alisema mama, taratibu, bila ubaya. "Peke yangu. Nyie mpite mkitazama."

Osmund alifumbua mdomo kumtetea Vaileth, akamkumbuka daktari, akaufunga. Akanyamaza. Kilikuwa kimya kigumu kuliko alivyofikiri, kina miguu na kucha, na alikaa nacho.

Mama alichukua kiazi, akakimenya kwa kidole gumba, akakirudisha sahanini bila kukila. Alitazama simu. Ilikuwa inaonyesha saa tano na dakika thelathini na saba.

"Sikatai," alisema mwishowe. "Msinione nimekataa. Mimi ni mtu wa kutumia akili. Kama mtu niliishi naye miaka thelathini na nane, huenda ninamdai kitu, au ananidai. Huenda ni haki yake. Lakini hamjaniambia kinachorudi kinafananaje. Huyu anasema mistari. Wewe unasema moto wa jirani. Hata kitenge nikinunua, nakitanua kwanza mlangoni nikione kwenye mwanga. Ninakumbuka kwamba nililia. Sikumbuki kulia kwenyewe kulikuwaje, wala kwa nini mtu mwenye akili zake akutake."

Alijiweka sawa kwenye kiti, akapangusa mikono kwa khanga, akaiweka magotini. Alimtazama binti yake, kisha akamtazama mtani wake, kwa uso mwema kabisa wa mwenyeji anayengoja wageni wafungue walichomletea.

"Basi naombeni kitu kimoja, kabla saa haijafika. Mmoja wenu amlilie Kosta hapa. Si lazima sana, kidogo tu, nione. Nikishaona nitajua kama nakitaka."

Osmund angeweza kulia, lakini kilio chake kingekuwa cha kosa lake mwenyewe. Mzee Kosta hakuwahi hata kumpa mkono. Vaileth alikuwa ameinamisha kichwa, macho makavu, anatafuta.

"Anzeni tu," alisema mama. "Msinionee haya."